Mkurugenzi wa Jumamosi

Hongera, mkurugenzi. Keki unaoka Jumamosi tu, oveni ni ya shemeji, lakini kadi zako za biashara zimeshaandikwa "Kundi la Makampuni". Makampuni yepi? Au friji nayo ni kampuni tanzu?

BRELA watakusajili, hawabagui. Ila hapo ndipo utakapouaga unafuu wa mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, anayetozwa kodi ya makadirio kwa kufuata mauzo. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida, hupeleka taarifa kila mwaka, na humlipa mhasibu aje athibitishe kwamba faida kweli ni hiyo elfu arobaini.

"Lakini dhima ina kikomo!" Sawa, kampuni ikidaiwa, kiwanja chako cha Chanika hakiguswi. Nenda basi ukakope benki, uone kama hawataomba udhamini wako binafsi, pamoja na hati ya kiwanja hichohicho.

Fundi anayefunga umeme majumbani mwa watu, ambaye waya ukishika moto atadaiwa nyumba nzima, bado anatumia jina la biashara. Wewe, ambaye hatari yako kubwa ni keki kudoda, umeshachonga mhuri na kuitisha kikao cha bodi.