Pua Yangu Imepata Kazi Marekani

Mama, Shangazi, na nyote mnaopunga upepo Raskazone, Tanga,

Jana nimenunua glovu zenye mahali pa kufutia kamasi. Sitanii. Kwenye dole gumba wameshona kitambaa laini, na muuzaji, mtu mzima kavaa tai, akanionyesha matumizi: kushoto, kulia, basi. Nikamuuliza kinafuliwaje, akajibu kwa heshima zote kwamba kinaingia mashineni. Yaani watu wazima walikaa kikao, wakachora, wakapima, wakakubaliana kwamba binadamu atafutia kamasi doleni. Na mimi Shangazi alinichapa kwa kufutia kwenye mkono wa shati la shule! Kumbe nilikuwa mvumbuzi, nilikosa mtaji tu.

Nimelipa, sina ujanja. Hapa Minneapolis, Januari inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na kupita. Wenye ofisi mjini kati hupita juu kwa juu, kwenye madaraja ya vioo yanayounganisha maghorofa. Sisi wa kituo cha basi tunachuruzika hadharani, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Mama, uliposikia navuta kamasi kwenye simu ukaamua ni mafua, nijifukize mkaratusi. Si mafua. Mapafu hayapendi hewa baridi wala kavu, basi pua huipasha moto na kuilowesha njiani, mpaka ikifika chini iwe karibu na joto la mwili, nyuzi 37. Baridi ikichokoza neva za puani, tezi hutoa maji, na hutoa kwa pupa. Yanayozidi yanateremkia mdomoni. Halafu ukitoa pumzi, mvuke wake unakuta ncha ya pua imepoa, unageuka matone. Pilipili nayo huamsha maji hayohayo, ndiyo maana Mjomba akila urojo huchuruzika huku akiapa hauwashi.

Huko Tanga pua yangu haikuwa na kazi. Hewa inatoka baharini ina joto na unyevu wake tayari. Pua ilibaki kushikilia miwani na kupeleleza nani kakaanga samaki. Huku imepata ajira kabla yangu mimi mwenye digrii, tena zamu ya mchana na usiku. Kunusa imeacha. Juzi nimepika wali wa nazi ya kopo, nikainamia sufuria kitambo kirefu, sikusikia harufu yoyote. Nikalilaumu kopo.

Mkaratusi msitume. Tumeni hanchifu za kitambaa, maana karatasi za huku zikilowa huganda mfukoni, ukiingia ndani zinayeyukia kwenye suruali, na maelezo yake kwa wenyeji ni marefu.

Jumapili nitapiga simu nikiwa ndani. Nje betri huzimwa na baridi kabla Shangazi hajamaliza kuuliza naoa lini.