Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wakaguzi wa Shule, Juu ya Mkono wa Kushoto

Waheshimiwa,

Nawashukuru kwa hima mliyoifanya, miaka nenda miaka rudi, ya kututengeneza sisi mashoto, ambao kwa takriban ni mtu 1 katika kila 10, na ambao Mwenyezi Mungu ametuleta duniani pasina idhini ya idara yenu.

Kula, kutoa na kupokea kwa mkono wa kuume ni adabu ya kwetu, nami naishika. Lakini kalamu si tonge; walakini katika madarasa yenu mtoto hupigwa rula ya vifundo kwa kuandika, kama kwamba ameutia mkono wa kushoto katika sinia ya harusini.

Mwasema, nami nakubali, kwamba mkono wa kushoto huufuta wino ungali mbichi, kwa kuwa hati za Kirumi huanzia kushoto na mkono huo hufuata nyuma ya maneno yake. Hoja ni nzuri, ila ingefaa kushikwa mpaka mwisho: babu zetu wa Lamu na Mvita waliandika tenzi zao kwa hati za Kiarabu, zianziazo kulia, na hapo mkono uliofuata nyuma ya wino ulikuwa ni wa kuume, basi nastaajabu kwamba walimu wa vyuoni waliiacha fursa ile ya kuwachapa watoto tisa katika kila kumi.

Kisha kuna mikasi, ambayo mapande yake mawili yamepangwa ili msukumo wa kidole gumba cha kuume uyabane pamoja. Ukiitia mkono wa kushoto, msukumo ule ule huyatenganisha, karatasi ikajikunja badala ya kukatika, na mtoto akaandikiwa kwamba ni mzembe. Kuna na viti vya mitihani vyenye kibao upande wa kuume tu, ambavyo humlazimu mashoto kujipinda kiuno kwa saa tatu, naye msimamizi humshuku kwamba achungulia kwa jirani. Ilhali fundi wa mbuzi ya kukunia nazi, asiyepata kualikwa katika mikutano yenu, alikiweka chuma chake katikati, na kila mkono wakunia.

Wala msidhani kwamba marekebisho yenu hufika ndani. George wa Sita, mfalme wa Uingereza, alilazimishwa utotoni kuandika kwa kuume. Na mwaka 1926, alipokuwa bado mwana wa mfalme, aliingia katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon, hadharani, na raketi aliishika kwa kushoto. Alishindwa katika mchezo wa kwanza, jambo ambalo ni hoja kwa upande wenu, nami nawapa bure.

Kwa hayo naomba mambo mawili. Katika darasa la watoto 50, wekeni mikasi michache iliyopinduliwa na viti vichache vyenye kibao upande wa kushoto, kwa kuwa wazazi wa mashoto wake watano hulipa karo sawasawa na wenzao. Na ikiwa fedha ni haba, kama mtuarifuvyo kila mwaka, basi anzeni na la pili, lisilohitaji hata senti: mwamuruni mwalimu aiweke rula mezani, amwache mtoto aandike.