Sifa kwa Albamu Iliyotukanwa

Kuna albamu ambayo muungwana wa muziki wa roki haruhusiwi kukiri kwamba anaipenda, nami leo nimekuja kuimwagia sifa hadharani. Ni Invisible Touch ya bendi ya Genesis ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1986. Ukiitaja mbele ya shabiki wao wa zamani, atakutazama kana kwamba umeingia msikitini na viatu.

Kwanza ukarimu wake. Genesis ya mwanzo haikuwa na huruma kwa msikilizaji. Bendi ilianzishwa mwaka 1967 na vijana wa shule ya bweni ya Charterhouse, huko Surrey, na walipokomaa ikawa kana kwamba wimbo usiofika robo saa ni mzaha. Supper's Ready ya mwaka 1972 ina sehemu saba na inakula kama dakika 23. Humo mna kipande kinachokwenda kwa mapigo tisa, kinanda kikishika njia yake na dramu njia yake. Msikilizaji anahesabu kwa vidole, na kila akifika saba wenyewe wameshamaliza tisa. Mwimbaji wao, Peter Gabriel, naye alikuwa akipanda jukwaani na kichwa cha mbweha na gauni jekundu la mkewe, au uso wake ukichungulia katikati ya ua kubwa. Kuyafuata yote hayo kulitaka subira, elimu na, nadhani, kutokuwa na kazi ya kuamkia.

Wimbo uliobeba jina la albamu haudai lolote katika hayo. Ni dakika tatu na nusu basi. Kiitikio kinafika hujakaa vizuri, kinarudi, kinarudi tena, na karibu na mwisho wimbo mzima unapandishwa sauti, hila kongwe ya watunzi wa pop, ili hata aliyesinzia aamke aimbe. Dramu za umeme zinagonga bila fumbo. Mtoto anaushika siku hiyohiyo. Kama hiyo si sadaka, sijui sadaka ni nini. Nyimbo tano za albamu hiyo ziliingia tano bora Marekani, na Julai 1987 bendi ilijaza uwanja wa Wembley usiku nne mfululizo. Umati wa namna hiyo hauji kuhesabu mapigo.

Tena imewapa mashabiki wa zamani kazi ya maisha. Kabla yake walikuwa wasikilizaji tu. Baada yake wakawa walinzi wa imani, wenye msaliti wao kabisa: Phil Collins, mpiga dramu aliyeshika maikrofoni baada ya Gabriel kuondoka mwaka 1975, mtu mfupi, mcheshi, mwenye kosa la kupendwa hata na mama zao. Kwamba pop ilishapiga hodi mwaka 1978 na Follow You Follow Me, ambayo maneno yake aliyaandika mpiga gitaa Mike Rutherford, mtoto halisi wa Charterhouse, hilo hawaligusi. Kesi hunoga mshtakiwa akiwa mmoja.

Nakiri kwamba shahidi wangu mashuhuri ananiharibia. Ni Patrick Bateman, muuaji katika riwaya ya Bret Easton Ellis, American Psycho, ya mwaka 1991. Anaacha kidogo habari za damu ili aichambue Genesis kwa mahaba, akieleza kwamba ile ya zamani ilimpita kando. Lakini muuaji naye ana masikio.

Sasa tumtazame mtakatifu wao. Ule mlio mzito wa dramu unaokatika ghafla, ambao wengi huutaja kama ushahidi wa uharibifu wa miaka ya 80, ulipatikana wakati Gabriel mwenyewe akirekodi albamu yake ya tatu, iliyotoka mwaka 1980. Aliyekuwa akipiga ni Collins, fundi mitambo alikuwa Hugh Padgham, na Gabriel alikuwa amepiga marufuku matoazi. Padgham huyohuyo ndiye aliyekuja kuitayarisha Invisible Touch pamoja na bendi. Na Julai 1986, wimbo wa Genesis uliposhika namba moja Marekani, ulikaa wiki moja tu. Aliyeung'oa ni Gabriel, na Sledgehammer, wimbo wa kuchezeka wenye matarumbeta. Wa gauni jekundu na wa dramu za umeme walikuwa kwenye foleni moja, na aliyemsukuma mwenzake ni mtakatifu.

Walioitupa albamu kwa hasira waliwahi mno. Tonight, Tonight, Tonight, iliyotolewa kwa ajili ya redio ikiwa imekatwa karibu nusu, kwenye albamu inakaribia dakika tisa. Mbele zaidi kuna Domino, ya sehemu mbili na zaidi ya dakika 10, kisha mwisho kabisa The Brazilian, ambayo haina mwimbaji. Kuyapata hayo hakukuhitaji elimu wala subira, ila kugeuza santuni upande wa pili.