Sugu Zangu Zimeota Pasipotakiwa

Nimeshika jembe miaka thelathini, na viganja vyangu vina sugu za kupokea kaa la moto bila kupiga kelele. Kwa hiyo nilipoamua kujifunza gitaa, nilijipongeza mapema: vijana watalia vidole, mimi ngozi ipo tayari. Kumbe sugu za jembe huota kiganjani, kwenye mashina ya vidole. Gitaa linazitaka kwenye ncha. Na ncha za vidole vyangu, baada ya maharage na mihogo yote niliyolima hapa Busunzu, ni laini kama za karani wa benki. Siku ya tatu zilikuwa na mifereji kama nimebanwa na mlango, nikala ugali wa muhogo kwa kijiko. Kwa kijiko! Mama watoto hakusema neno. Aliwaita watoto waje waone.

Chanzo ni kwaya. Mpiga solo wetu alihamia Kibondo mjini, tukabaki na gitaa moja la solo, moja la besi, na spika inayokula betri ya gari. Nikasema nafasi hiyo ni yangu. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz nimewasikiliza redioni tangu nikiwa mtoto, na nilijua kusikiliza sana ni nusu ya kupiga. Ni kama mtu aliyekula kuku wengi akadhani anajua kutaga.

Mwalimu wangu ni fundi simu wa hapa senta, kijana rika la mwanangu wa pili. Yeye gitaa alifundishwa na Wakongo wa Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya wilayani Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996, na ukifundishwa na Mkongo huna subira na Mha. Ada yake ni debe la maharage kwa mwezi. Ya njano, alisisitiza. Ananiita “mzee wangu” kwa heshima zote, halafu ndani ya heshima hiyohiyo ananichapa.

Alianza na vidole viwili. Dole gumba lipige sauti nzito, cha shahada kipige nyembamba, kila kimoja na safari yake. Ndivyo alivyopiga Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952. Ukimsikiliza unaapa ni watu wawili. Hata mimi nilisikika kama watu wawili, ila walikuwa wanagombea mpaka wa shamba.

Nilipokaribia kuwapatanisha, akaniambia nisahau hayo yote, sasa tunaingia rumba. Nikapewa kijiplastiki cha kukwaruzia nyuzi, nikakidondosha ndani ya tundu la gitaa mara nne kwa jioni moja. Halafu akaleta mambo ya mi-solo: uzi wa nne unatolewa, unafungwa mwembamba unaolia juu zaidi kwa oktavu nzima, ili gitaa lipenye katikati ya solo na ridhimu. Ulilia siku mbili ukakatika. Duka la nyuzi liko mbali, kwa hiyo tukafumua waya wa breki ya baiskeli yangu. Leo gitaa lina nyuzi sita kamili, na mimi nina baiskeli isiyo na breki na nyumba iliyo mteremkoni.

Solo niliondolewa kwenye sebene. Waimbaji wananyamaza, gitaa linazungusha kipande kilekile mpaka watu wacheze. Mimi nikishaanza kuzunguka sijui pa kutokea. Wakanihamishia ridhimu. Kwaya ina wimbo mmoja wa mdundo wa rege, na rege inataka mkono upige pale mguu usipokanyaga. Nimelima miaka yote hiyo mkono na mguu vikishuka pamoja! Majirani wakaanza kupita asubuhi bila hata “mwakeye”, wananiuliza tu kama nimepata nafuu.

Ndipo nikashushwa besi. Nyuzi nne badala ya sita, nikaona nimepunguziwa theluthi ya mateso. Tena besi nilidhani ni ya wavivu. Jamani. Nyuzi zenyewe unene wa kamba ya mbuzi, lakini hizo si shida. Shida ni kunyamaza. Besi ya rumba unapiga mbili tatu, unaacha pengo, unasubiri. Mimi pengo siliwezi, nikiliona nalijaza.

“Mzee wangu,” akasema fundi simu, “hilo ni pengo la wimbo, si la ukuta. Usilizibe.”

Nikajifunza kunyamaza wiki tatu. Ya nne akaja na benga, iliyochota mwendo wake kwenye nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na huko besi hairuhusiwi kupumzika, inakimbia mbele kama imeona mwizi. D. O. Misiani aliyeivumisha na Shirati Jazz alizaliwa Shirati, Mara, yaani wetu kabisa, na bado sikuweza kumwelewa ndugu yangu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumsimulia mke wangu habari za hawa wakubwa. Mbaraka, ajali ya gari, 1979. Mwenda, ajali ya gari, 1990. Misiani, ajali ya gari, 2006. Tangu siku hiyo nimepigwa marufuku kupanda bodaboda na gitaa, nakwenda mazoezini kwa miguu. Nikamwambia ajali haichagui kazi ya mtu.

“Wewe kwa upigaji wako hauko hatarini,” akasema. “Lakini gitaa ni la kanisa.”

Tamasha la kwaya lilipofika kule Kasulu, besi alipewa binti wa darasa la sita. Alijifunzia dirishani, akichungulia mimi nikifundishwa. Mimi nikapewa waya. Tundu la kuchomekea waya kwenye gitaa limelegea, na waya usiposhikwa kwa kukunjwa kidogo kushoto, sauti inakufa. Wakasema panatakiwa mtu mwenye kiganja kigumu. Nikachuchumaa nyuma ya yule mtoto nyimbo zote nne, sugu zangu zikifanya kazi mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Kwenye wimbo wa pili likaja lile pengo. Vidole vyake vikatulia juu ya nyuzi, nami nikashikilia waya, sikupumua.

“Mzee wangu,” fundi simu akaniambia tukipanda basi, “leo umenyamaza vizuri sana.”

Debe lake la mwezi huu sijampelekea.