Mkusanyaji wa Mabango na Hasara Zake

Mabango ya zamani yanayokusanywa Migori na Homa Bay, Kenya, ni ya aina tatu: ya kampeni za uchaguzi, ya dansi za benga, na ya mikutano ya injili. Ya kampeni ndiyo mengi zaidi, kwa sababu mgombea hubandika lake hata juu ya uso wa mhubiri. Kwa kawaida bango huishi ukutani wiki chache, kisha mvua, jua na vijana wa mpinzani hulimaliza. Mkusanyaji ni yule anayefika miaka ishirini baadaye kuuliza lilikwenda wapi.

Uraibu wa kukusanya huanzia kwenye simu, kwa kutazama mabango ya Poland. Tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, wasanii kama Henryk Tomaszewski, Jan Lenica na Waldemar Świerzy walichora mabango ya filamu, tamthilia na sarakasi kwa agizo la mashirika ya serikali. Mashirika hayo hayakuhangaikia sana faida ya tiketi, kwa hiyo msanii aliachwa achore alivyoielewa kazi yenyewe, si sura ya mwigizaji. Maonyesho ya kimataifa ya mabango yalianza Warsaw mwaka 1966, na makumbusho ya mabango yakafunguliwa Wilanów mwaka 1968. Leo karatasi hizo huuzwa mnadani na kununuliwa duniani kote. Bango moja linalojulikana sana ni la Tomasz Sarnecki la uchaguzi wa tarehe 4 Juni 1989: linamwonyesha mwigizaji Gary Cooper, mlinda sheria wa filamu ya ng'ombe na bastola, akiwa na beji ya vuguvugu la Solidarność kifuani na karatasi ya kura mkononi. Mtu wa Migori akilionyeshwa huuliza kwanza alikuwa anawania kiti gani.

Hasara ya kwanza ni ya lugha. Anayepita Rongo au Oyugis akiuliza habari za "posta za zamani" huelekezwa kwa heshima zote mahali pa kununulia stempu. Akisema "mabango" huulizwa anataka ya kuandikwa rangi au ya kuchapwa. Neno "mnada" lina hatari zaidi. Kwa wengi, mnada ni wa ng'ombe. Kwa waliobaki, ni dalali anayekuja na lori kuchukua kochi la mwenye deni. Mkusanyaji anayetangaza nyumbani kwamba jioni ana shughuli ya mnada huwakuta wenzake wamekwisha kuhamisha televisheni kwa jirani.

Hasara ya pili ni ya saa. Mnada wa Warsaw unaoanza saa moja jioni ya huko huwa saa mbili usiku ya Migori wakati wa kiangazi cha Ulaya. Mwishoni mwa Oktoba Poland hurudisha saa nyuma, ilhali Kenya haigusi yake, na mnada huohuo huwa saa tatu. Mkusanyaji asiyelijua hili hukaa mtandaoni saa nzima mwezi Novemba hadi bando linakwisha. Akishazoea saa tatu, Poland husogeza saa mbele mwishoni mwa Machi, naye huingia Aprili wakati kila kitu kimeshauzwa. Akibahatika kushinda, hugundua kwamba bei ya nyundo si bei ya kulipa: nyumba ya mnada huongeza ada yake, msafirishaji yake, na forodha ya Kenya ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Bango lililonunuliwa kwa bei ya kuku hufika kwa bei ya mbuzi, kama litafika. Fomu hudai jina la mtaa na namba ya nyumba, na "nyuma ya mashine ya kusaga unga, penye mwembe" haitoshi kwenye nafasi iliyoachwa.

Ndipo wengi hugeukia kuta za nyumbani. Mabango ya kampeni hupatikana kwa vinyozi, kwenye baa, na katika nyumba ambazo kuta zake zilipambwa kwa magazeti na kalenda. Yaliyokaa nyuma ya kabati ndiyo yenye rangi nzuri. Kuyapata kunahitaji maelezo, na maelezo hayaaminiki. Mama mwenye nyumba huuliza, "Mwanangu, wewe ni wa chama gani?" Akijibiwa kwamba si wa chama chochote, huuliza tena, "Sasa nani amekutuma?" Baada ya hapo vijana wa kituo cha bodaboda huwa wameshajipanga nje kusubiri ya soda.

Kutambua umri wa bango ni kazi rahisi kuliko zote, kwa sababu siasa huacha alama. Simba wa chama cha Ford Kenya huelekeza kwenye uchaguzi wa 1992, na trekta ya chama cha NDP, iliyompa Raila Odinga jina la Tinga, kwenye ule wa 1997. Ndizi na chungwa pamoja ni kura ya maoni ya katiba ya tarehe 21 Novemba 2005, ndizi ikiwa ya ndiyo na chungwa ya la. Katika eneo hili la machungwa, bango la ndizi lilidumu ukutani muda wa kunywa chai, na kwa hiyo ni adimu. Bango linalotaja gavana haliwezi kutangulia kampeni za uchaguzi wa Machi 2013, na linalotaja diwani kwa kawaida ni la kabla yake. Majina ya maeneo bunge nayo husaidia: Gwassi na Kasipul Kabondo ni ya kabla ya 2013. Baadaye Kasipul Kabondo iligawanywa ikawa Kasipul na Kabondo Kasipul, na mkusanyaji asiyeangalia jina lipi limetangulia hulipa bei ya kale kwa karatasi ya juzi.

Kubandua ndiko kunakohitaji ufundi. Gundi ya kampeni ni uji wa unga wa ngano, nao hulainika kwa maji ya vuguvugu. Chini ya bango la 2007 huweza kutokea la 2002, na chini ya hilo la 1997. Kwa bahati mbaya maji hayohayo hulainisha pia ukuta wa udongo. Bango lililonunuliwa kwa shilingi mia mbili huishia kugharimu pia fundi wa kukandika upya. Likianikwa uani, mbuzi huanza na pembe zenye unga na kumalizia kwa mgombea.

Usafiri hufanywa kwa bomba la plastiki la fundi wa maji. Ndani ya matatu bomba hilo hulipiwa kama mzigo, na jirani wa kiti huuliza bei ya kuvuta maji hadi shambani. Msimu wa kampeni mambo huwa magumu zaidi, maana anayelifungua hukuta sura ya mwanasiasa. Kueleza kwamba mgombea huyo alishindwa mwaka 1997 hakusaidii. Anayeuliza hupata hakika kwamba sasa anarudi.

Wafanyabiashara wa mabango hupima hali kwa herufi, kuanzia A kwa lililo safi hadi D kwa lililoharibika vibaya. Homa Bay na Migori daraja A lipo, nalo lina asili moja: wakala aliyelipwa kubandika mia tano akabandika hamsini, yaliyobaki akayaficha chini ya kitanda. Huuza usiku, kwa sauti ya chini, na huomba jina lake lisitajwe. Historia ina deni kubwa kwa uvivu wake.

Likishanunuliwa, bango lilazwe mahali pakavu, mbali na mchwa na gunia la omena, maana karatasi hunyonya harufu. Lisiwekwe ndani ya plastiki ya moto kama cheti cha shule, kwa kuwa kazi hiyo haitenguliki na hushusha thamani. Wataalamu hulibandika juu ya kitambaa kwa gundi ya unga wa ngano, uji uleule wa vijana wa kampeni, isipokuwa wataalamu hulipwa zaidi.

Kuuza huja mwisho. Mnada wa mabango haupo Migori wala Homa Bay, na wapenzi wachache waliopo hupendelea kubadilishana. Anayelipa vizuri ni mgombea mwenyewe, hasa anapotaka kuwania tena na kukumbuka kwamba chini ya picha yake kulichapwa ahadi ya daraja. Hapunguzi bei wala haombi stakabadhi. Hulichukua bango, hulitazama kidogo, kisha huuliza kama kuna mtu mwenye kiberiti.