Jinsi ya Kutengeneza Dodoso la Video Litakalompendeza Bosi

Kazi umekabidhiwa wewe. Idara ya utumishi imeshalipia leseni ya mwaka mzima ya Storyline, programu ya kutengenezea kozi na madodoso, na sasa kuna haraka ya kuonyesha kwamba fedha haikupotea. Wanataka dodoso shirikishi, lenye video ndani yake, la kuwauliza wafanyakazi wanaonaje utaratibu mpya wa kuomba likizo. Neno "shirikishi" lisikutishe. Maana yake ni kwamba mfanyakazi atabofya. Atakachobofya utakiamua wewe.

Anza na video. Watatokea wajuaji wa kukwambia kwamba mwaka 2014 watafiti Guo, Kim na Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video kwenye kozi za mtandaoni za edX, wakakuta kwamba kwa kawaida mtu havuki dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Hao hawajawahi kumrekodi mkurugenzi. Mkurugenzi huanza kwa kuwatambua waliopo, mmoja mmoja kwa vyeo vyao, ingawa chumbani yumo yeye na mpiga picha tu; dakika ya 6 ikifika ndiyo kwanza anakohoa aingie kwenye mada. Usimkatishe. Na wakati wa kuhariri usiondoe hata sekunde moja, kwa sababu ataitazama hadi mwisho, na huenda akawa peke yake.

Ihifadhi kwa ubora wa juu kabisa. Video ya megabiti 5 kwa sekunde hula MB 37 na ushee kila dakika, kwa hiyo hotuba ya dakika 11 itavuka MB 400. Ofisini kuna waifai, hutaona tatizo. Tatizo ataliona karani wa tawi la wilayani atakayefungua dodoso kwa simu yake na kwa bando alilonunua mwenyewe, ila hatakuwa na pa kulisemea, maana dodoso lenyewe litakuwa bado linazunguka. (Ukiishusha hadi megabiti 1, mzigo wote unabaki kama MB 82 na sura ya mkurugenzi bado inatambulika bila shida. Hilo usiseme nimekwambia mimi.)

Sasa kitufe cha "Endelea". Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo ufundi ulipo. Ndani ya Storyline karibu kila kitu huendeshwa na triga, yaani amri ya "likitokea hili, fanya lile". Fungua slaidi ya video, kizime kitufe cha "Endelea" tangu slaidi inapoanza, kisha weka triga ya kukiwasha video itakapomalizika. Ondoa na ule mstari wa chini wa kusogezea video mbele, asije mtu akaruka salamu. Umemfungia mtu ndani kwa dakika 11, na kwenye ripoti jambo hilo litaitwa ushiriki.

Ukitaka kuongeza utamu, iamuru video ijianzishe yenyewe na usiweke kitufe cha kuichezesha. Tangu mwaka 2018 Chrome imekuwa ikizuia video yenye sauti kuanza kabla mtazamaji hajagusa chochote kwenye ukurasa. Kwa baadhi ya watu, basi, video haitaanza. Isipoanza haiwezi kumalizika, na isipomalizika "Endelea" haitawaka. Mtu atabaki ametazamana na mkurugenzi, jicho moja limefumba na mdomo uko wazi, hadi saa ya chai. Akipiga simu kwa mafundi ataambiwa azime kisha awashe. Wapo watengenezaji wenye huruma ambao huweka slaidi ya kwanza yenye kitufe cha "Anza", mtu akikigusa kizuizi kinaisha. Lakini huruma haikuwemo kwenye maelekezo uliyopewa.

Programu nyingine, H5P, nayo ina raha zake. Ni ya bure, inakaa vizuri ndani ya mfumo wa mafunzo wa Moodle, na inakuruhusu kuchomeka swali kwenye sekunde yoyote ya video. Sekunde nzuri ni ile kabla utaratibu mpya haujaelezwa. Muulize mtu anauonaje.

Tumefika kwenye maswali yenyewe. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Marekani, Rensis Likert, alichapisha njia ya kupima mitazamo ya watu kwa ngazi, kuanzia anayeafiki kabisa hadi anayepinga kabisa. Likert wa watu alizipa pande zote mbili nafasi sawa. Wewe hulazimiki. Ngazi tano ulizo nazo zipange hivi: Nakubali kabisa, Nakubali sana, Nakubali, Nakubali kwa shingo upande, Sijaelewa swali. Wa ngazi ya tano watapangiwa mafunzo zaidi.

Kisha funga maswali mawili kwenye kamba moja: "Je, utaratibu mpya umekurahisishia kazi na mkuu wako wa idara anakusaidia?" Mtu ambaye utaratibu umemtesa lakini mkuu wake ni mstaarabu atahangaika wapi aweke alama. Akimwonea haya mkuu wake, ataweka "Nakubali". Swali la namna hii halihitaji hata hila. Limejaa kwenye madodoso yaliyoandikwa kwa nia njema kabisa, na sidhani kama kuna kosa la kawaida zaidi ya hilo.

Storyline hutenganisha slaidi za mtihani, zenye jibu sahihi, na slaidi za dodoso, ambazo hazina sahihi wala kosa. Mwanagenzi huchukua za dodoso. Fundi huchukua za mtihani, akaweka "Nakubali" kuwa jibu sahihi, na alama ya kufaulu akaipandisha hadi asilimia 80. Anayejibu kwamba utaratibu ni mzigo ataona alama nyekundu na maneno "Si sahihi, jaribu tena". Kwa kawaida watu hujaribu tena. Majaribio yasiwekewe kikomo; maoni ya mtu huhitaji muda kukomaa.

Kuhusu usiri, andika "Majibu yako ni ya siri" katika slaidi ya mwanzo, na juu yake weka jina kamili la mhusika. Si kazi ngumu. SCORM, kiwango kinachounganisha dodoso lako na mfumo wa mafunzo, kina sehemu yake maalumu ya jina la mtumiaji na nyingine ya namba yake, na mfumo utakupa zote mbili ukiuuliza tu. Dodoso lisilotaka kujua nani kasema nini hutengenezwa nje ya mfumo, bila kuingia kwa nywila, na hilo linahitaji kumshawishi bosi. Tuliache.

Malizia na swali la wazi. "Tuambie kwa uhuru, kwa maneno yako mwenyewe, yote yaliyo moyoni." Weka kisanduku kikubwa kinachojaza skrini nzima. Unapotoa dodoso, chagua SCORM 1.2, toleo la mwaka 2001 ambalo mifumo mingi bado inalipokea bila kuuliza maswali. Toleo hilo limelipangia jibu la kuandika nafasi ya herufi 255, na mfumo unaofuata sheria kwa ukali haupokei zaidi ya hapo. SCORM 2004 inaruhusu hadi 4,000 kwa jibu refu, lakini nani ana muda wa kusoma?

Uzuri ni kwamba herufi 255, pamoja na nafasi za katikati ya maneno, zinalingana sawasawa na adabu zetu. Hesabu mwenyewe:

"Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, pili niushukuru uongozi mzima wa taasisi yetu kwa kutukumbuka sisi wa matawini na kutuomba maoni. Video ni nzuri na mkurugenzi ameongea kwa busara. Pamoja na hayo, ningependa kusema kwam"

Jibu hilo liweke ukurasa wa kwanza wa ripoti, chini ya kichwa "Sauti za Wafanyakazi".