Jinsi ya Kuisaili Sarafu Inayojidai Imeleta Amani

Mgeni akiingia kijijini, mjumbe humuuliza katoka wapi na kafuata nini. Sarafu ya zamani nayo isailiwe vivyo hivyo. Ukiiokota Masasi au Newala unapopalilia mikorosho, usiisugue kwa mchanga ili ing'ae. Utafuta maandishi na mwaka, na huo ndio ushahidi wote ulionao.

Jizoeze kwanza kwa Warumi, maana hao ni mabingwa wa kujisifia amani. Kaizari Vespasian alitwaa dola katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 69. Kwenye sarafu zake za shaba yumo Pax, mungu wa kike wa amani: mara kashika tawi la mzeituni, mara kainamisha mwenge anachoma rundo la silaha. Uliza: silaha za nani? Mwaka 70 jeshi lake, likiongozwa na mwanawe Titus, liliteketeza Yerusalemu. Sarafu nyingine za Kaizari huyohuyo zina mwanamke ameketi chini ya mtende, anaomboleza; ndiyo Uyahudi iliyoshindwa. Ziweke mbili hizo pamoja mezani, zitatoleana siri.

Sasa shika hela ya Mjerumani. Upande mmoja taji, upande wa pili thamani yake ndani ya shada la majani. Bunduki haimo, hata fimbo haimo. Tafuta mwaka. Ukikuta 1905, jua ndio mwaka misheni ya Masasi ilipochomwa katika Vita vya Maji Maji, na jeshi la Mjerumani likajibu kwa kuteketeza vijiji na maghala ya chakula, hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Majani yale mazuri yasikulainishe.

Usiisahau shilingi yetu ya 1966, yenye mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Mwenge wa Pax unachoma. Huu umeinuliwa umulike, na mimi naupenda kwa hilo. Hata hivyo usiuachie upite bila maswali. Wakati huo ng'ambo ya Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vimepamba moto, na Wamakonde wa kule walikuwa wanavuka kuja kwetu kutafuta hifadhi. Mtafute bibi au babu aliyevuka, mwamkie shikamoo, mpe sarafu mkononi, kisha umuulize alipofika huku alipokewaje. Andika atakachosema, pamoja na jina la shamba sarafu ilipookotwa.